Uholanzi Iko Mbali na Kenyenya

Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake ana usonji, hapewi dawa, maana dawa ya usonji haipo. Anapewa kitu cha kusoma. Akiwa na bahati, anapewa pia tarehe ya kurudi kliniki. Siku zake za kwanza zinaendeshwa na maandishi: karatasi ya maswali, ujumbe uliotumwa WhatsApp mara mia, kipeperushi chenye picha ya mtoto wa Kizungu akicheza na vibao vya rangi. Tunahakiki riwaya, tunahakiki diwani, tunahakiki hata mistari ya wasanii wa mtaani. Lakini lile andiko ambalo mama analisoma saa nane usiku, mtoto akiwa amegoma kulala, hakuna anayelihakiki. Linapita tu.

Basi leo tulisome.

Dada yangu ameolewa Kenyenya, unapita Ogembo ukitoka mjini Kisii. Mwanawe ana miaka mitatu na nusu, na mwaka huu ndipo hali yake ilipopewa jina. Dada ameniruhusu niandike kwa masharti mawili: nisimtaje mtoto, na nisiandike kitu cha kuwafanya watu wamhurumie. Sharti la pili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu karibu kila kitu kinachoandikwa kuhusu watoto hawa kinaishi kwa huruma. Mimi sina digrii; chuo nilikiacha mwaka wa pili. Nilichobaki nacho ni tabia ya kusoma sentensi na kuuliza: hii inamtaka msomaji wake awe nani?

Nimeliuliza swali hilo kwa kila andiko lililomfikia dada.

*

La kwanza lilikuja kwa simu, limetafsiriwa Kiswahili cha mashine, kile cha kukufanya urudie sentensi mara tatu. Ni insha ya Mmarekani Emily Perl Kingsley, "Welcome to Holland", ya mwaka 1987. Kingsley alikuwa mwandishi wa kipindi cha watoto cha Sesame Street, na mwanawe Jason alizaliwa mwaka 1974 akiwa na hali ya Down. Kwa hivyo insha yenyewe haikuandikwa kuhusu usonji. Lakini imezunguka dunia nzima, na siku hizi anapewa mzazi yeyote ambaye mtoto wake hakufuata ratiba.

Hoja yake ni hii. Kungoja mtoto ni kama kupanga safari ya Italia. Unanunua vitabu vya wageni, unajifunza maneno mawili matatu, unapakia mizigo. Ndege inatua, kumbe uko Uholanzi. Unashtuka. Halafu polepole unagundua kwamba Uholanzi nako kuna uzuri wake: vinu vya upepo, maua, picha za Rembrandt. Wenzako wote wanazidi kusimulia Italia yao, na uchungu wa kuikosa hauishi. Ila ukikaa unalilia Italia tu, hutaufurahia uzuri wa ulipofika.

Niseme haki yake kwanza. Insha hii ni fupi, haifiki hata kurasa mbili, na mtu asiye na usingizi anaweza kuimaliza. Pia haidanganyi: haisemi uchungu utaisha. Ukiweka hilo kando ya mahubiri mengi tunayosikia, ni uaminifu mkubwa.

Sasa muulize: inamtaka msomaji awe nani? Inamtaka awe mtu wa kusafiri. Mtu aliyezoea kwamba safari hupangwa na mara nyingi hufika ilikopangwa, ndiyo maana kupotea njia ni habari. Tena inamtaka aamini kwamba huko alikotua kuna nchi tayari. Huo ndio uzito wote wa mfano wenyewe. Uholanzi ya Kingsley ina barabara, ina vitabu vyake, ina wenyeji wanaoijua. Nikiisoma najiuliza kama haya si maelezo ya Marekani ya miaka ya themanini, ambako tangu 1975 sheria ililazimisha shule za umma kumpokea mtoto mwenye ulemavu. Hapo ndipo mama anaweza kusema nimetua kwingine, lakini nimetua.

Dada yangu hakutua popote. Siku aliyotoka kliniki alipanda matatu ileile, akashukia palepale, akakuta moto wa jikoni umezimika na ng'ombe anamngoja. Nyumba ni ileile, majirani ni walewale, chai ya kuchuma iko palepale mlimani. Kilichobadilika ni jinsi anavyoangaliwa. Mfano wa Kingsley unasema umehamia nchi ya kigeni. Kwa dada ni kinyume: amebaki kwao, akageuzwa mgeni. Wanawake wa kikundi cha merry-go-round wanapunguza sauti akifika. Mtoto anaachwa nje ya mwaliko wa sherehe "ili asisumbuke." Hakuna maua ya kugundua katika hali hiyo, kwa sababu shida si mandhari mapya. Ni watu wa zamani.

Halafu tukizungumzia maua: sisi Uholanzi tunaijua kwa mnada. Waridi linalimwa Naivasha, linapanda ndege usiku, linauzwa Aalsmeer. Ukimwambia Mkenya karibu Uholanzi, atakuuliza anakwenda kama nani, mtalii au boksi la maua.

*

Andiko la pili ni karatasi ya maswali. Mtoto wako anakuangalia machoni? Ukimwita jina anageuka? Anakuonyesha kitu kwa kidole ili mkiangalie pamoja? Anajifanya anaongea na simu, anamlisha mwanasesere? Karatasi hizi ni ukoo mmoja. Maarufu zaidi inaitwa M-CHAT, ya Diana Robins na wenzake, iliyotoka mwaka 2001. Toleo lililorekebishwa lina maswali 20 ya ndiyo na hapana, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Yenyewe ni chujio tu. Inasema mtoto huyu aangaliwe zaidi, haisemi mtoto huyu ana usonji.

Kama andiko, ina nidhamu ninayoiheshimu. Haina huruma na haina mafumbo. Lakini kila swali limebeba picha ya nyumba fulani: mzazi ameketi chini na mtoto, wawili tu, wanaangaliana, wanaongea, kuna toi sakafuni. Hiyo nyumba ni ya wapi?

Kwa bahati, kuna watu waliowahi kuliuliza swali hilo hapa kwetu. Miaka ya 1970, Robert LeVine na timu yake, akiwemo daktari wa watoto T. Berry Brazelton, walikaa Gusii wakiangalia mama na watoto wachanga, halafu wakawalinganisha na mama wa vitongoji vya Boston. Kitabu kikatoka mwaka 1994, "Child Care and Culture". Walichokiona ni kwamba mama wa Kigusii alimbeba mtoto wake sana, na mtoto akilia aliitikiwa upesi. Lakini mama hakumwongelesha sana wala kumkazia macho. Mama wa Boston aliongea, akaangalia, akachekesha, na kadiri mtoto alivyokua akawa anambeba kidogo. Mmoja alitaka mtoto mtulivu aliye salama. Mwingine alitaka mtoto wa kuzungumza naye.

Na macho yenyewe, sisi tunayajua. Kuna ensoni, ile heshima iliyochanganyika na haya, inayoamua nani anaangaliana na nani na kwa muda gani. Mtoto wa Kenyenya anayeinamisha uso akisalimiwa na mzee hajakosea. Amelelewa.

Hapa ndipo wasomi wengi wa mtandaoni wangesimama na kutangaza: mnaona, usonji ni mambo ya Wazungu, karatasi zao hazitufai. Mimi siwezi kusimama hapo, kwa sababu namjua mtoto mwenyewe. Karatasi iliuliza kwa lafudhi ya Boston, lakini ilichokuwa inakitafuta kilikuwepo. Ila waliulizwa watu wasiofaa.

Kitabu cha LeVine kinaeleza pia kuhusu omoreri, yule dada au kaka mkubwa anayeachiwa mtoto mama akiwa shambani. Mazungumzo na michezo ambayo mtafiti hakuiona kwa mama, kwa sehemu kubwa iko kwa watoto wenzake. Kwa dada yangu, aliyeona kwanza ni binti yake wa miaka tisa. Alisema, "Huyu ukimtuma hata kijiko, haleti." Hakusema haniangalii machoni. Alisema hatumiki.

Hilo neno lina uzito kuliko tunavyolipa. Jirani zetu Wakipsigis wana neno ng'om, ambalo Sara Harkness na Charles Super waliliandikia baada ya kukaa kijiji cha Kokwet miaka hiyohiyo ya sabini. Ni akili ya mtoto, lakini akili inayopimwa kwa kuaminika: unaweza kumtuma, atakumbuka, atarudi. Gusii ni vivyo hivyo. Mtoto wa miaka mitatu anapeleka sahani, anaita mtu, anafukuza kuku. Kutumwa ni kuelewa maneno, kushika nia ya mwenzako kichwani, kutoka na kurudi nayo. Ukiniuliza, hayo ndiyo mambo yaleyale ambayo karatasi inayapima kwa kidole na mwanasesere. Swali zuri la Kenyenya lingekuwa, "Ukimtuma, anafanya nini?" Na lingeulizwa kwa mtoto wa miaka tisa aliyesimama pale mlangoni amembeba mdogo wake mgongoni, ambaye daktari alimwambia angoje nje.

Kitabu cha LeVine nacho nikikihakiki, nakuta kimekaa vizuri kuhusu watu ambao hakikuandikiwa. Mama zetu wamo ndani kama asilimia za muda wa kuangalia na muda wa kubeba. Waliobebwa wakati ule wana karibu miaka hamsini sasa. Baadhi yao ni bibi wa watoto wanaopelekwa kliniki leo. Hakuna karatasi ya kliniki niliyoiona iliyojifunza lolote kutoka kwao.

*

Andiko la tatu halikuandikwa. Linasemwa. Linaanza na swali, "Kwani mtoto amefanywa nini?" Umbo la kitenzi linatosha: amefanywa. Kuna mtendaji, ni kumtafuta tu.

Wa kwanza kutafutwa ni mama. Alikula nini akiwa mjamzito, alitembea na nani, alikataa mila gani. Gusii kuna amasangia, maradhi ambayo wazee huyahusisha na uzinzi ndani ya ndoa, na mokamwana yeyote aliyeolewa anajua uvumi huo ukianza unaelekea wapi. Wala si kwetu pekee. Joseph Gona na wenzake walipowahoji wazazi na wataalamu pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa 2015, walisikia majini, uchawi na laana vikitajwa bega kwa bega na maambukizi na matatizo ya kujifungua. Watu wana maelezo mawili mfukoni na wanatoa lile linalofaa kwa msikilizaji.

Kijana wa mjini akisoma hapa atacheka kidogo, aseme ushamba. Subiri. Mwaka 1943 Leo Kanner alipoandika ripoti yake ya watoto 11, ile iliyoupa usonji nafasi yake katika tiba, alitaja kwamba wazazi wao ni wasomi na kwamba wachache walikuwa na mapenzi ya wazi. Kutoka hapo likakua wazo la mama baridi kama friji. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chuo Kikuu cha Chicago akalijengea kitabu kizima, "The Empty Fortress", akieleza kwamba mtoto alijifungia ndani kwa sababu alihisi mzazi hamtaki. Kitabu kilisifiwa magazetini. Mama waliambiwa na watu wenye koti jeupe kwamba wao ndio sababu. Ilimchukua Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, kuandika kitabu mwaka 1964 kwamba hili ni jambo la ubongo na mwili. Hata hivyo ilichukua muda, na mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya wazazi akawaambia hawana hatia.

Kwa hivyo Chicago na Kenyenya walisoma kitabu kimoja. Mmoja aliita baridi, mwingine anaita laana. Muundo wa hadithi ni ule ule: kuna mtoto, kuna kimya, na kuna mwanamke aliyekisababisha.

Tofauti ni kwamba kwetu hadithi haiishii kwa mama. Akisafishwa mama, anatafutwa omorogi, na omorogi mara nyingi ni mwanamke mzee anayeishi peke yake. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii hiihii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati ukiwashtaki kwa uchawi. Ndiyo maana mimi siwezi kulichukulia lile swali la "amefanywa nini" kama utamaduni wa kuvutia wa kuwekwa kwenye insha. Mtu akikwambia mtoto amerogwa, sentensi hiyo inatafuta nyumba ya kuingia.

Na hapa lazima niipe karatasi ya kliniki heshima yake kamili. Jina la hali, hata likija na lafudhi ya mbali, linafunga swali la nani. Dada alisema hivi: "Angalau sasa nikiulizwa nina neno." Hakusema limemfariji. Alisema analo, kama mtu anavyosema ana kitambulisho.

*

Neno lenyewe nalo tulitazame. Kiswahili kina usonji, na wapo wanaosema tawahudi, kutoka Kiarabu, mzizi wa umoja na upweke. Neno la kitabibu la Kizungu, lililotungwa na Mswisi Eugen Bleuler mwanzoni mwa karne iliyopita, linatoka kwa Kigiriki, nafsi. Waliolipa jina walimwona mtu aliye peke yake.

Sasa tembea Kenyenya utafute mtoto aliye peke yake. Mwana wa dada analala kitanda kimoja na wenzake wawili, anakula sahani moja nao, anafuatwa na binamu hadi chooni. Anachozunguka nacho ni kifuniko cha sufuria, akikizungusha sakafuni kikilia, na wenzake washajifunza kumngoja kimalize. Aliye peke yake ni mama. Ndiye anayepanda matatu kwenda Kisii bila wa kuongea naye, ndiye asiyealikwa. Neno lilimlenga mtoto likampata yeye.

Kwa Ekegusii mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Wageni huchekeshwa na hilo. Mtoto wa dada hasemi neno bado. Dada anaishi na watu wanaomwambia kila siku mtoto hajasema hata baba, na kwa lugha yetu hiyo inamaanisha yeye.

*

Mwaka 1993 Jim Sinclair, mtu mwenye usonji, aliwahutubia wazazi katika mkutano huko Toronto, na hotuba ikachapishwa kwa jina "Don't Mourn for Us". Kati ya maandishi yote niliyosoma kwa ajili ya makala hii, hili ndilo lililonifanya niketi. Sinclair anawaambia wazazi waziwazi: mnalilia mtoto mliyemtarajia, ambaye hakuzaliwa. Mlieni, ila si mbele ya huyu aliyezaliwa, maana yuko hapa na anawasikia. Anakataa pia ile picha ya mtoto wa kawaida aliyefichwa nyuma ya ukuta wa usonji. Usonji hauondoki ukamwacha mtu yuleyule.

Uzuri wa andiko hili ni kwamba limegeuza msemaji. Kingsley anasema kama mama, Bettelheim kama daktari, kijiji kinasema kama kijiji. Huyu anasema kutoka ndani. Kingsley ukimsoma baada ya Sinclair, unaona kitu kibaya: katika insha ya Uholanzi mtoto ni nchi. Anatembelewa. Hasemi.

Lakini Sinclair naye ana msomaji aliyemfikiria, mzazi ambaye huzuni yake inahusu ndoto zake binafsi. Dada yangu analia pia, na si kwa sababu ya ndoto. Analia nani atamwoga na kumlisha huyu mtoto yeye akifa, kwa sababu hakuna taasisi atakayomwachia na dada zake wataolewa. Analia hesabu. Ruzuku ya serikali kwa watu wenye ulemavu mkubwa, kupitia Inua Jamii, ni Sh2,000 kwa mwezi, na hiyo ni ukipita usajili. Ukimwambia mtu huyo asiomboleze, umemsikia nusu.

Filamu iliyokaribia zaidi ni "The Reason I Jump" ya Jerry Rothwell, ya mwaka 2020, iliyotokana na kitabu cha kijana Mjapani Naoki Higashida. Kuna wanaohoji ni kiasi gani cha kitabu hicho ni sauti yake mwenyewe, kwa sababu ya njia aliyosaidiwa nayo kuandika. Filamu inawafuata vijana wa nchi kadhaa, na mmoja wao ni Jestina wa Sierra Leone. Wazazi wake wanazungumza wazi kuhusu majirani walioona ushetani mahali walipomwona binti. Nilipofika sehemu hiyo nilikaa sawa. Halafu ikaisha, tukarudi kwa wengine, na nikaona kwamba Afrika imepewa kazi moja katika filamu nzima: kuonyesha unyanyapaa. Vijana wa Marekani, Uingereza na India wanaruhusiwa kuwa na urafiki, michoro, umeme wa hisia. Wetu anapewa kijiji kinachomwogopa. Si uongo, nimeandika hayohayo hapo juu. Ila haitoshi kuwa maisha ya mtu.

*

Basi nimalizie na andiko bora nililosoma kuhusu jambo hili. Halijachapishwa na halitachapishwa. Ni daftari la kurasa 48, lile la kava la bluu, ambalo dada aliambiwa na mtaalamu aandikemo anachokiona. Ameniruhusu nilielezee na kunakili kidogo.

"Jumanne. Amekula ndizi ya kuchemsha, chinsaga amekataa. Ukiiweka sahani tofauti anakula." "Mvua juu ya mabati. Ameziba masikio, amelia mpaka ikaisha. Dadake amemfunika na leso ya kijani, akanyamaza. Ile ya kijani tu." "Amenishika mkono akaupeleka kwenye mtungi. Hakuangalia mimi, ameangalia mtungi. Lakini mkono ni wangu alichagua."

Soma hiyo ya mwisho tena. Mtaalamu atakwambia kutumia mkono wa mtu kama kifaa ni moja ya dalili, na ni kweli. Dada ameandika dalili hiyohiyo bila kuikana, kisha akaongeza sentensi moja ambayo hakuna fomu yenye nafasi yake. Hakusema mtoto amepona. Hakusema ni baraka wala mtihani. Amesoma tendo dogo hadi mwisho wake, ambayo ndiyo kazi tunayodai sisi wahakiki ni yetu.

Daftari hilo halimtaki msomaji awe msafiri, wala mshtakiwa, wala mtu wa kutoa machozi. Linamtaka awe mtu atakayekuwepo Jumatano. Lina kasoro zake: linarudia, lina wiki nzima tupu alipokuwa anavuna, na kuna ukurasa umechorwa duara juu ya maneno na mwenyewe anayeandikwa. Sioni kitabu cha Kiswahili dukani chenye sentensi za aina hii kuhusu mtoto wa aina hii, na sitaki kikija kije na kava la vipande vya jigsaw na dibaji ya mheshimiwa.

Kwa sasa, ukinituma nimpe mzazi mpya wa Kenyenya kitu cha kusoma, insha ya Kingsley nitaiacha kwenye simu. Nitampa karatasi yenye mambo matatu. Kwamba vituo vya serikali vya kumpima mtoto kwa ajili ya elimu, EARC, vimekuwepo Kenya tangu 1984, aulize ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kilipo. Kwamba asajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hata foleni ikiwa ndefu. Na kwamba hakuna mtu aliyemfanya mtoto chochote, si yeye, si mama mkwe, si yule mzee wa nyumba ya mwisho.

Halafu nitampa daftari tupu na kalamu mbili, moja yake, moja ya binti mkubwa.